Dizeli Iliyoganda

"Usiguse kitu," Ardith Vukelich alimwambia. "Wewe sema, nitashika mimi."

Denny Laframboise aliinua mikono yenye pingu kuonyesha kwamba amesikia, kisha akairudisha mapajani. Alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, mlangoni mwa gari ambamo baba mkwe wake wa zamani alikutwa amekufa. Pembeni yake alisimama Pruitt, askari mrefu wa ofisi ya sherifu, akipiga piga buti zake chini ili vidole visife ganzi. Kambi nzima ilikuwa nyeupe na kimya. Magari mengine ya kulala yalikuwa yameshaondoka tangu habari ya kifo isambae, na pale mwisho, karibu na mto, palibaki hili gari la Lyle Ostby na trela ya walinzi wa kambi, yamesimama ubavu kwa ubavu.

Ardith alikuwa mpelelezi wa wilaya, na ndiye aliyemfunga Denny hizo pingu. Hakuwa na sababu ya kusita. Daktari wa maiti alikuta damu ya Lyle imejaa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotoka na moshi. Chini ya gari, bomba la kutolea moshi wa hita lilikuwa limechomoka kwenye kiungo chake. Hita hiyo alikuwa ameifunga Denny mwenyewe, na kabla ya Krismasi watu walimsikia baa akipiga kelele kwamba hita ile ndiyo itakayomzika mzee. Hata hivyo mwendesha mashtaka alitaka aelezwe hita iliua namna gani, na mtaalamu aliyeitwa kutoka Missoula angekuja wiki ijayo. Redio ilikuwa inasema baridi itapungua kesho, na hita isingekuwa tena katika hali ya usiku ule. Ardith hakutaka kungoja, na Denny ndiye aliyeijua hita hiyo.

"Anza na umeme," Denny alisema. "Hita isipopata umeme wa kutosha haiwaki. Pima betri."

Ardith alipima. Betri ilikuwa na nguvu ya kutosha. Alibonyeza swichi ukutani. Kioo kidogo kiliwaka, feni chini ya kiti cha abiria ikaanza kuvuma taratibu, na chini ya sakafu pampu ya mafuta ikaanza kugonga, tik, tik, tik. Walisubiri. Hakukuja joto wala harufu. Baada ya kitambo pampu ilinyamaza, feni ikaongeza kasi, na kioo kikaandika herufi E na namba nane.

"Inasemaje?" Pruitt aliuliza.

"Inasema sina moto," Denny alijibu. "Imejaribu, imeshindwa. Ama plagi ya kuwashia imekufa, ama mafuta hayafiki."

"Au kuna mtu aliyeiharibu," Ardith alisema.

"Afande, kama ningetaka kumuua mtu kwa hita, ningeiharibu iwake vibaya. Hii haiwaki kabisa."

"Haiwaki leo. Nataka kujua usiku ule."

Ardith aliendelea kumtazama mikono. Mtu anaweza kudanganya na uso, lakini Denny kila alipotaja kifaa vidole vyake vilijikunja kama vinakishika, na hilo Ardith alilitia akilini bila kulipa maana yoyote.

Nyayo zilikanyaga theluji nyuma yao. Marlys Teigen, mlinzi wa kambi, alikuja amebeba sinia lililofunikwa taulo. Alikuwa mwanamke wa umri wa kustaafu, mwembamba, amevaa koti la mumewe lililomfika magotini. Ndiye aliyemkuta Lyle asubuhi ile na ndiye aliyepiga simu.

"Mtakufa na baridi hapa, wanangu," alisema. "Nimewaletea pai za nyama, zimetoka sasa hivi kwenye oveni. Na huyu naye ale, hata kama ana kesi."

Alimwekea Denny pai mkononi, akamkunjia na kitambaa isimwunguze. Denny alishukuru kwa sauti ndogo.

"Mama Marlys," Ardith alisema, "nirudie kidogo ulichoniambia juzi. Usiku ule ulisikia nini?"

"Hiyo pampu yake. Tik, tik, tik, mpaka alfajiri. Dirisha letu liko hapo, unaona? Nilijisemea, mzee anapasha joto, vizuri. Ningejua, ningekwenda kugonga mlango." Alijifuta jicho kwa mkono wa koti. "Lyle alikuwa jirani mwema."

"Mpaka alfajiri?"

"Mpaka alfajiri."

"Asante, mama."

Marlys alirudi kwenye trela. Ardith alisubiri mlango ufungwe, kisha akajilaza chini ubavuni mwa gari na tochi.

"Bomba la mafuta linapita wapi?"

"Fuata ule mpira mwembamba kutoka tangini. Kabla ya pampu utakuta chujio dogo la plastiki. Linaonyesha ndani."

Ardith alilikuta. Kilichokuwa ndani hakikuwa mafuta ya kutiririka. Kilikuwa kitu kizito, cheupe chenye manjano, kimeshikana kama samli iliyoachwa jikoni usiku wa kipupwe. Alilichomoa, akalitoa nje, akamwekea Denny mbele ya uso.

Denny alicheka, na kicheko kile hakikuwa cha furaha. "Mzee mbishi! Mzee mbishi wewe!"

"Unaona nini?"

"Dizeli ya Arizona. Alikaa kule msimu mzima wa kupukutika majani, akajaza tangi la hita kule kule, akaja nayo huku. Dizeli ya sehemu za joto ikipigwa na baridi inatoa nta, inaganda. Nilimwambia, mzee, mwaga hiyo, weka ya huku. Akaniambia nisimfundishe baridi mtu aliyepanda nguzo za umeme Montana maisha yake yote. Ndipo nikamwambia mbele ya watu kwamba hita hiyo itamzika. Nilimaanisha ataganda, afande. Sikumaanisha hivi."

"Kwa hiyo ulijua itaganda."

"Nilijua atalala na baridi usiku mmoja, asubuhi aje kunitukana, tuyamalize."

Pruitt alikohoa. "Sajenti, baridi yenyewe iliingia jioni ile ile. Mchana tulikuwa juu ya sifuri. Jua lilipozama tu tukashuka nyuzi ishirini chini."

"Ndiyo. Lakini inaweza kuwa iliwaka saa mbili tatu kwanza, ikamtilia sumu, ndipo ikaganda," Ardith alisema. "Pruitt, wewe ndiye uliyeingia wa kwanza. Lyle alikuwa amelalaje?"

"Ndani ya mfuko wa kulalia, afande. Juu yake mablanketi."

"Amevaa nini?"

Pruitt alifikiri. Ilionekana jibu linamjia polepole, na linamkera kwamba halikumjia mapema. "Koti. Kofia ya sufu. Na glavu. Soksi mbili mbili."

"Mtu ambaye hita yake inapuliza joto halali na glavu," Ardith alisema. "Alikuwa macho wakati ilipozima. Alijaribu kuiwasha, ikamkatalia, akavaa kila alichokuwa nacho, akalala. Alikuwa mzima, mwenye akili zake, na hita ilikuwa imekufa."

"Basi nifungueni," Denny alisema.

"Bado. Sijajua kwa nini bomba limechomoka."

Alimwagiza Pruitt alete kidumu cha dizeli ya majira ya baridi kilichokuwa ndani ya gari la polisi, karibu na joto la injini. Waliunganisha mpira wa mafuta na kidumu hicho, wakaliacha bomba la moshi vilevile lilivyokutwa, limening'inia kando ya kiungo chake. Kabla ya kuwasha, Ardith aliangaza tena chini ya sakafu. Juu ya kile kiungo, Lyle alikuwa amebandika sponji nyeupe ya kuzuia baridi. Ilikuwa na vumbi la chumvi ya barabarani, na zaidi ya hapo ilikuwa safi. Aliipiga picha, kisha akabonyeza swichi.

Feni ilivuma. Pampu iligonga. Safari hii moshi mweupe ulitoka kwanza, mzito, ukifuatiwa na mngurumo wa moto ulioshika. Hewa ya vuguvugu ilianza kutoka ndani ya gari. Denny aliinua kidevu kusikiliza, akaitikia kwa kichwa kama mwalimu anayemsikia mwanafunzi wake akisoma vizuri.

"Haina ugonjwa," alisema. "Ilikuwa na njaa tu."

Ardith aliiacha iwake mpaka Pruitt akaanza kulalamika kuhusu miguu yake. Alipoizima na kulala chini tena, sponji haikuwa nyeupe. Ulimi mweusi wa masizi ulikuwa umeilamba kutoka kwenye kiungo mpaka karibu na tairi, na katikati plastiki ilikuwa imeanza kuyeyuka.

Alitoka chini ya gari, akakung'uta theluji magotini. "Hita hii haijawahi kuwaka hata dakika chache bomba likiwa nje. Bomba lilichomolewa baadaye, ikiwa imeshazima."

"Klipu inayolikaza bomba ikoje?" Denny aliuliza.

"Skrubu yake imekwaruzwa. Chuma kinang'aa."

"Imekwaruzwa upande gani, kichwani au pembeni?"

"Kichwani, kwenye mfereji."

"Bisibisi bapa. Mimi zile nazikaza kwa spana, ukitumia bisibisi inateleza. Tazama vyombo vyangu vyote mlivyovichukua."

"Bisibisi bapa kila mtu anayo," Ardith alisema. "Hata wewe ungeweza kuikopa."

"Ili iweje, afande? Mzee akutwe amekufa, mimi nije kinyemela nichomoe bomba la hita niliyofunga mimi, nijitie kitanzi mwenyewe? Katika dunia nzima, mtu ambaye asingetaka hita ilaumiwe ni mimi."

Ardith alijua amesema kweli. Aliyelichomoa bomba lile alimkuta Lyle amekufa, akajua amekufa kwa moshi, na alihitaji moshi huo uwe umetoka kwenye hita. Naye hakujua kwamba hita haikuwaka. Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyesema kwamba aliisikia ikigonga mpaka alfajiri.

Alilizunguka gari mpaka upande unaotazamana na trela. Nafasi kati ya viwili hivyo ilikuwa finyu, imejaa theluji iliyochotwa kwa beleshi na kupigwapigwa juu. Theluji ya kila mahali ilikuwa laini, imepangwa na upepo. Ya hapa ilikuwa na alama za bapa la beleshi.

"Pruitt. Chimba hapa. Polepole."

Pruitt alichimba. Chini ya theluji mpya walikuta shimo la barafu, kina chake kama karai, kuta zake zimeyeyuka na kuganda tena mpaka zikang'aa kama chupa. Barafu hiyo ilikuwa na rangi ya kijivu. Sakafuni mwa shimo palikuwa na alama nne za miguu ya mpira, na tone la mafuta ya injini. Pruitt aliinama akanusa.

"Petroli," alisema.

Ardith alinyoosha mkono kutoka kwenye shimo kuelekea gari la Lyle. Moja kwa moja mbele yake, chini kabisa ya ubavu, kulikuwa na tundu la hewa la friji, lenye wavu. Alipitisha kidole kwenye wavu. Kilirudi cheusi.

"Usiku ule umeme ulikatika bonde zima," alisema. "Mti uliangukia waya kule juu."

"Hata kwangu ulikatika," Pruitt alisema. "Mpaka asubuhi."

Wote wawili walitazama dirisha la trela. Lilikuwa limezibwa kwa nailoni na utepe, na nyuma ya nailoni taa ilikuwa ikiwaka.

"Kaa na Denny," Ardith alisema.

Marlys alimfungulia kabla hajabisha mara ya pili. Ndani kulikuwa na joto na harufu ya vitunguu. Mumewe, Orrin, alikuwa kwenye kiti cha kuegemea, miguu imefunikwa blanketi. Alikuwa mtu mkubwa aliyebaki mifupa. Mapafu yake yalikuwa yamemalizwa na vumbi la machimbo ya Butte, na mrija mwembamba ulitoka puani mwake mpaka kwenye mashine ya oksijeni iliyokuwa ikihema pale sakafuni kwa niaba yake.

"Habari za leo, mzee Orrin."

"Nzuri, mwanangu. Karibu ukae. Mmemaliza na huyo kijana?"

"Karibu tutamaliza. Nina swali dogo. Mashine hii hula umeme mwingi?"

"Ina betri zake," Marlys alisema haraka. "Umeme ukikatika ina betri za akiba."

"Betri!" Orrin alitoa sauti iliyokusudiwa kuwa kicheko. "Betri zenyewe zilikufa tangu sikukuu ya kushukuru ya Novemba. Mwanangu, usiku ule taa zilipozima nilijua safari imefika. Nilianza kuona giza pembeni mwa macho. Wewe hujui mtu anavyojisikia akivuta hewa isije."

"Orrin, usiseme sana, utachoka."

"Niache niseme! Wanakuja watu hapa kila siku kuuliza habari za aliyekufa, hakuna anayeuliza habari za aliyepona." Alivuta pumzi, mashine ikamsubiri. "Huyu mwanamke, na mgongo wake huo, aliiburuta jenereta kutoka stoo, peke yake, kwenye upepo ule. Akaiwasha hapo mbele ya mlango, moshi ukaanza kuingia humu nikakohoa damu. Basi akaizima, akaizungusha nyuma, akaisogeza mbali nami kadiri waya ulivyofika. Hakulala mpaka asubuhi. Kila mara anatoka kuijaza petroli. Nimemwoa akiwa msichana, na sijawahi kuona kitu kama kile."

Orrin alinyoosha mkono kumtafuta mkewe. Marlys hakuushika. Alikuwa amesimama kwenye sinki, amewapa mgongo, na bomba la maji lilikuwa likitiririka juu ya sufuria iliyokwisha kujaa.

"Aliisogeza mpaka wapi, mzee?" Ardith aliuliza.

"Hapo nyuma. Upande wa Ly..."

Aliishia hapo. Alimtazama Ardith, kisha mgongo wa mkewe. Mkono wake ulibaki hewani.

"Marlys?" alisema.

Marlys alifunga maji. Alikausha mikono, kidole kimoja kimoja. Kisha akainama mbele ya mashine, akakagua kichupa cha maji, akamrekebishia mumewe utepe wa mrija shavuni.

"Natoka kidogo na mpelelezi," alimwambia. "Usiondoe hii."

Nje, upande usioonekana dirishani, alianza kusema kabla Ardith hajamuuliza.

"Jenereta ilikuwa inapiga kelele, sikusikia kitu. Asubuhi umeme uliporudi nilikwenda kumwomba Lyle anisaidie kuirudisha stoo. Niligonga. Nikachungulia." Alijikumbatia ndani ya koti. "Nilipouona uso wake ule, mwekundu, nilijua ni moshi. Wake wa wachimba migodi wote tunaijua rangi ile."

"Ukairudisha jenereta mwenyewe."

"Nikairudisha. Nikafukia shimo. Nikachukua bisibisi ya jikoni. Nilifikiri watasema ni chombo kimeua, mwanangu. Chombo hakifungwi jela. Sikujua kama mtamkamata mtu."

"Lakini tulimkamata. Siku ile ile. Nawe ukaniambia ulisikia pampu."

"Ndiyo."

"Hapo ulikuwa unajua tumeshamkamata."

Marlys hakuangalia pembeni. "Nilijua. Mimi nikiondoka hapa, Orrin anapelekwa kwenye nyumba ya wazee, na huko atakufa kabla theluji haijayeyuka. Nilihesabu hivyo. Umri wa Denny ni mdogo, angetoka."

Ardith alimwita Pruitt kwa redio, akamwambia amfungue Denny, aombe gari la wagonjwa kwa ajili ya mzee, lenye oksijeni, kisha akae na mzee hadi litakapofika. Kisha alimwongoza Marlys kuzunguka trela. Denny alikuwa bado juu ya ndoo yake. Pruitt alikuwa ameshamfungua pingu, naye alikuwa akisugua vifundo vya mikono. Alimwona Marlys, akaona jinsi Ardith alivyomshika mkono, akasimama.

Hakuna aliyemweleza kitu. Alitazama theluji iliyochimbwa, trela, na mwanamke yule, mpaka akaelewa mwenyewe.

"Umenipa pai," Denny alisema. "Umenikunjia na kitambaa."

Marlys alilivuta koti la mumewe, akalifunga kifuani.

"Mama Marlys, nakuuliza. Ungeniacha nifungwe?"

Pruitt alitazama chini. Ardith angeweza kumwambia mama asijibu, maana kila neno sasa lilikuwa ushahidi, lakini hakusema.

"Ningekuacha, Denny," Marlys alisema.

Denny aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu aliyeelekezwa njia na kuielewa. Aliokota kofia yake, akaanza kutembea kuelekea barabara kuu. Pruitt alimwita, akamwambia watampeleka mpaka mjini. Hakugeuka.

Ardith alitoa pingu. Ndani ya trela mzee alikohoa, kikohozi kirefu kisichopata mwisho, na Marlys, akiwa na mkono mmoja umeshafungwa, akageuka kukimbilia mlango.